SOMO LA AFYA: Mishipa ya Nyonga na Kipimo cha Altrasaundi



Leo tunaleta somo ambalo wengine watasema ni la aibu. Siyo la aibu hata kidogo. Ni somo juu ya maumivu ya tumbo la chini yanayowasumbua akina mama waliokwisha kuzaa, na juu ya kipimo kinachoweza kuonyesha chanzo cha baadhi ya maumivu hayo. Akina baba, msigeuze ukurasa. Anayeumwa ni mke wako au dada yako, na mara nyingi nauli ya kwenda hospitali iko mfukoni mwako wewe.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1973, Mtu ni Afya. Walikaa katika vikundi wakajifunza juu ya malaria, kichocho, safura na kifua kikuu. Walichimba vyoo, walifyeka majani kuzunguka nyumba. Nasi leo tukae vivyo hivyo, tusome polepole, anayejua kusoma vizuri amsaidie mwenzake.

Hebu tuchukue mfano. Mama ana watoto wanne. Asubuhi anaamka mzima. Anakwenda kisimani, anarudi na ndoo kichwani, kisha anakwenda shambani kupalilia. Ikifika saa tisa alasiri, chini ya kitovu panaanza kuwa pazito, kama kitu kinavutwa kwenda chini. Jioni akisimama jikoni maumivu yanazidi, hasa upande wa kushoto. Akijilaza yanatulia. Siku chache kabla ya hedhi yanakuwa makali zaidi. Na baada ya kukutana na mumewe anaumwa kwa saa nyingi, pengine mpaka kesho yake. Hali hii sasa imeingia mwaka wa pili.

Jirani anamwambia, "Hilo ni chango." Mganga anamwambia amerogwa. Kwenye duka la dawa anauziwa vidonge vya kuua vijidudu, mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Mawifi wanasema anakwepa jembe. Sisi tunasema hivi: neno "chango" siyo jibu. Watu hulitumia kwa magonjwa mengi ya tumbo la chini, kwa hiyo halituambii ni ugonjwa gani.

Maumivu ya tumbo la chini yana sababu nyingi. Yapo maambukizo ya njia ya uzazi, na hayo kweli yanatibiwa kwa dawa za kuua vijidudu. Upo uvimbe katika mfuko wa uzazi. Yapo magonjwa ya kibofu cha mkojo na ya utumbo. Ipo mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo ni hatari ya kufa, haingoji kesho. Lakini ipo sababu nyingine ambayo mara nyingi husahauliwa, hata na watu wa afya. Nayo ni mishipa ya damu ya nyongani iliyolegea na kujaa damu.

Damu inavyopanda

Moyo husukuma damu kwenda mwilini kwa mishipa inayoitwa ateri. Damu hurudi moyoni kwa mishipa mingine inayoitwa vena. Ateri zina nguvu ya moyo nyuma yake. Vena hazina nguvu hiyo. Tena damu ya miguuni na nyongani inapaswa kupanda juu ili irudi moyoni, na sisi tunasimama wima kutwa nzima. Kwa hiyo ndani ya vena nyingi mna vilango vidogo. Kilango hufunguka damu inapopanda, na hufunga damu inapotaka kushuka. Ni kama vali ya tairi la baiskeli: upepo unaingia kwa pampu, lakini hautoki.

Sasa mama akishika mimba, damu ya nyongani inaongezeka sana kwa ajili ya kumlisha mtoto. Vena zinatanuka ili zipitishe damu hiyo. Baada ya kujifungua nyingi hurudi hali yake. Lakini kwa baadhi ya akina mama, hasa waliozaa mara kadhaa, hazirudi zote. Mshipa ukibaki umetanuka, vilango vyake havikutani tena. Hapo damu iliyokuwa inapanda inaanza kurudi chini. Inakusanyika kuzunguka mfuko wa uzazi na vifuko vya mayai, na mishipa inavimba na kujipinda kama mizizi. Ndiyo uzito ule anaousikia mama jioni. Akilala, damu haina mlima wa kupanda, mishipa inapungua kujaa, naye anapata nafuu.

Kwa nini hasa upande wa kushoto? Mshipa unaotoka kifuko cha mayai cha kulia unamwaga damu moja kwa moja katika vena kuu ya tumboni. Wa kushoto hauendi huko moja kwa moja. Unamwaga kwanza katika mshipa wa figo ya kushoto. Na mshipa huo wa figo unapita katikati ya ateri mbili, ambazo kwa watu wengine huubana kama mpira wa maji uliobanwa na mlango. Maji yakizuiwa mbele yanarudi nyuma, siyo? Na damu nayo vivyo hivyo.

Kuna mahali pengine pa kubanwa. Mshipa unaorudisha damu ya mguu wa kushoto hupita chini ya ateri inayokwenda mguu wa kulia, na nyuma yake kuna uti wa mgongo. Madaktari wawili, May na Thurner, waliandika juu ya kubanwa huko mwaka 1957. Kwa hiyo daktari anatafuta mambo mawili: je, vilango vimeharibika, au njia imebanwa? Matibabu yake siyo mamoja.

Dalili moja mama anaweza kuiona mwenyewe. Mishipa iliyovimba huweza kutokea sehemu za siri, makalioni, au ndani na nyuma ya paja. Wengi huiona wakati wa mimba, wakaficha. Usifiche. Mwambie nesi.

Altrasaundi ni nini?

Wengi wetu tunaijua altrasaundi kama mashine ya kumtazama mtoto tumboni. Inafanya kazi kwa sauti. Sikio la mtu husikia sauti yenye mitikisiko isiyozidi kama 20,000 kwa sekunde. Mashine hii hutoa sauti ya mitikisiko milioni 2 na zaidi kwa sekunde, ambayo hakuna mtu anayeisikia. Sauti inaingia mwilini, inagonga nyama na viungo, na mwangwi wake unarudi. Mashine inaupokea mwangwi huo na kuuchora kuwa picha. Popo wadogo wanaokula wadudu hufanya kazi kama hiyo gizani: wanapiga sauti, wanasikiliza mwangwi, wanajua mdudu yuko wapi.

Kule Glasgow, Uingereza, daktari Ian Donald na wenzake walichukua maarifa ya mashine za kutafuta nyufa ndani ya chuma, wakayatumia kwa matumbo ya wanawake. Walitangaza kazi yao mwaka 1958. Altrasaundi haitumii miale ya eksirei, na ndiyo maana hutumika hata kwa mama mwenye mimba.

Lakini picha ya kawaida huonyesha umbo tu. Kwa ugonjwa wetu wa leo tunataka kujua damu inaelekea wapi. Hapa inatumika namna ya altrasaundi inayoitwa Dopla. Jina hili ni la Christian Doppler wa Austria, aliyeeleza jambo lenyewe mwaka 1842. Simama kando ya barabara. Basi likija mbio huku linapiga honi, sauti yake ni ya juu. Likishakupita, sauti inashuka. Dereva hakubadilisha honi. Kilichobadilika ni basi kukujia, kisha kukuacha. Mashine hutumia mabadiliko kama hayo katika mwangwi wa damu, ikajua damu inaijia au inaikimbia, tena kwa mwendo gani.

Katika kioo cha mashine mtaona rangi nyekundu na bluu. Watu hudhani nyekundu ni damu safi na bluu ni damu chafu. Sivyo. Rangi zinaonyesha mwelekeo tu: ipi inakuja kwenye kifaa na ipi inakwenda mbali nacho.

Mama anavyopimwa

Kuna njia mbili, na mara nyingi hutumika zote. Njia ya kwanza ni juu ya tumbo. Mama anapakwa jeli ya baridi, kisha kifaa kinapitishwa juu ya ngozi. Kwa kutazama mfuko wa uzazi huenda akaambiwa anywe maji kibofu kijae. Kwa kutazama mishipa ya juu karibu na figo huenda akaambiwa asile kwa saa kadhaa, ili gesi ya utumbo isizuie sauti. Ulizeni mapema siku ya kupewa tarehe. Kusafiri kilomita nyingi halafu kurudishwa kwa sababu ya chai na maandazi ni hasara.

Njia ya pili ni ya ndani. Kifaa chembamba hufunikwa kwa kondomu mpya na kuingizwa ukeni, kibofu kikiwa kitupu. Njia hii huonyesha mishipa iliyo karibu na mfuko wa uzazi vizuri zaidi. Mtaalamu lazima aeleze kwanza na mama akubali. Mama ana haki ya kukataa. Ana haki ya kuomba nesi mwanamke awepo chumbani. Msichana asiyewahi kukutana na mwanamume hapimwi kwa njia hii.

Sasa hapa tusome kwa makini. Tumesema mama akilala mishipa hupungua kujaa. Basi akipimwa amelala kimya tu, ugonjwa unaweza kujificha! Kwa hiyo mtaalamu anayejua kazi hii humwinua mama akae nusu wima, au humpima amesimama. Humwambia pia avute pumzi, aizuie, asukume kwa nguvu kama mtu aliye chooni. Wakati huo damu yenye kurudi nyuma hujionyesha, rangi inageuka palepale katika kioo.

Lakini mtaalamu atajuaje kwamba mishipa ndiyo ya kutafuta? Tazameni mazungumzo haya mawili.

Mtaalamu: Karibu mama. Unasumbuliwa na nini?
Mama: Tumbo, daktari.
Mtaalamu: Lala hapa. (Anapima dakika tano.) Mfuko wa uzazi mzima. Vifuko vya mayai vizima. Huna kitu, mama.

Mama anarudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa hana ugonjwa. Mawifi wanapata la kusema. Na mtaalamu hakudanganya: aliulizwa habari za tumbo, akatazama viungo vya tumbo. Sasa huyu wa pili:

Mtaalamu: Karibu mama. Unasumbuliwa na nini?
Mama: Daktari, nimeandika katika daftari. Naomba nikusomee.
Mtaalamu: Soma, mama.
Mama: "Jumatatu. Nimechota maji mara tatu. Jioni nimeumwa kushoto. Nimelala, yamepungua. Jumanne. Nimepalilia. Jioni nimeumwa sana. Alhamisi. Nimepumzika. Sikuumwa. Jumapili. Hedhi imeanza. Siku mbili kabla yake niliumwa kila siku." Tena daktari, nilipokuwa na mimba ya mwisho nilitokwa na mishipa huku chini.
Mtaalamu: Ahaa. Basi leo tutaangalia na mishipa. Nitakupima umelala, halafu nitakupima umesimama.

Mashine ni ileile na tumbo ni lilelile. Kilichofanya kazi ni daftari la shilingi chache na kalamu. Mama aliyehitimu kisomo anaweza kuliandika bila kumwomba mtu. Andika kwa miezi miwili: tarehe, kazi uliyofanya, maumivu yalianza saa ngapi, upande gani, kilichokupa nafuu, na siku za hedhi. Ukikutana na mumeo ukaumwa baadaye, weka alama yako ya siri kama unaogopa watoto kusoma. Daktari akiuliza utajua maana yake.

Tuongeze jambo moja. Siyo kila mwenye mashine ya altrasaundi anapima mishipa hii. Zahanati nyingi hazina mashine. Penye mashine, huenda mtumishi amejifunza kutazama mimba tu. Anza zahanati au kituo cha afya chako, usimulie, na uombe barua ya rufaa ya hospitali ya wilaya au ya mkoa. Kabla ya kulipa, uliza waziwazi: "Je, hapa mnapima mishipa ya nyonga kwa Dopla?"

Majibu yakitoka

Kwenye karatasi mtaona milimita. Wataalamu wengi hushuku mshipa wa kifuko cha mayai ukifika unene wa milimita 6 hivi. Ni kama njiti tatu za kiberiti zikilazwa ubavu kwa ubavu. Hushuku pia mishipa ya nyongani iliyozidi milimita 5, iliyojipinda, na ambayo damu yake inajikokota chini ya sentimita 3 kwa sekunde.

Lakini msiogope namba. Wako akina mama wengi waliozaa ambao mishipa yao ni mipana na hawaumwi kitu. Mshipa mpana peke yake siyo ugonjwa. Mwaka 2021 kundi la wataalamu wa mataifa mbalimbali lilitoa utaratibu wa kupanga magonjwa haya kwa kuangalia mambo matatu pamoja: dalili anazosikia mama, mahali mishipa ilipovimba, na kasoro ya mwendo wa damu yenyewe. Dalili zimewekwa mwanzo. Picha bila maneno ya mama haitoshi.

Matibabu yapo. Kwa wengine daktari huanza na dawa za maumivu au vidonge vya homoni kwa muda. Kwa wengine mrija mwembamba sana huingizwa katika mshipa wa shingoni au wa pajani, ukaongozwa kwa picha mpaka kwenye mshipa mbovu, na mshipa huo ukazibwa kwa vijiwaya vilivyosokotwa. Damu hupita katika mishipa mingine iliyo mizima. Madaktari wa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kufundishwa tiba za namna hii za mirija mwaka 2018. Siyo kazi ya kila wilaya, na gharama yake ni kubwa.

Wapo waliotolewa mfuko wa uzazi kwa sababu ya maumivu ambayo chanzo chake hakikutafutwa. Mama akiambiwa aondolewe kizazi kwa maumivu tu, na hakuna hatari ya haraka, ana haki ya kuuliza: "Mishipa imepimwa? Niliposimama, au nilipolala?" Hilo siyo kumdharau daktari. Ni swali la kawaida.

Nyumbani, kupumzika kidogo mchana miguu ikiwa juu ya mto au ya godoro lililokunjwa huwasaidia wengi. Baba anayechota ndoo mbili za jioni naye amesaidia, na hatavunjika shingo.

Hii haingoji daftari

Ipo hali nyingine ya vena ambayo ni ya haraka. Mama mwenye mimba, au aliyejifungua majuzi, anaweza kugandiwa na damu ndani ya vena ya mguu au ya nyonga. Mguu mmoja, mara nyingi wa kushoto, unavimba na kuuma kuliko mwenzake. Bonge la damu likikatika linaweza kukimbilia mapafuni. Hapo mama anapumua kwa shida, kifua kinamchoma, anaweza kufa. Msimkande kwa maji moto, msimsugue mguu. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Na hapa pia altrasaundi hutumika. Mtaalamu hubonyeza paja kwa kifaa. Vena nzima hubonyea ikafunga. Yenye bonge haibonyei. Nyongani haiwezekani kubonyeza hivyo, kwa hiyo hutazama mwendo wa damu kwa Dopla, na ikibidi huomba kipimo kingine kikubwa zaidi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mama mwenye mishipa ya nyonga iliyojaa damu hupata nafuu akilala? Mwenye baiskeli alete vali, muitazame pamoja.

2. Katika mazungumzo ya pili, mama alisema mambo gani ambayo wa kwanza hakuyasema?

3. Hapa kijijini kwetu, kutoka nyumbani mpaka hospitali yenye Dopla ni kilomita ngapi, na nauli ni shilingi ngapi? Tumeni mtu akaulize, aandike, awasomee wenzake.

4. Kila mmoja aandike katika daftari lake mistari mitano kwa mfano wa yule mama. Akina baba waandike kazi alizofanya mke wa nyumba jana, tangu alfajiri mpaka alipolala.